Tuyarudishe Meko ya Nyumbani

Masomo: Mambo ya Walawi 6:8–13, Yohana 21:1–14



Katika somo letu la kwanza Mungu anamwagiza Musa awafundishe Haruni na wanawe kazi ya kila siku. Asubuhi kuhani avae mavazi yake ya kitani, azoe majivu ya sadaka iliyoteketea usiku kucha, ayaweke kando ya madhabahu. Kisha abadili mavazi, ayachukue majivu yale mpaka nje ya kambi, mahali palipo safi. Ndipo aongeze kuni. Na moto ule usizimike, wala usiku wala mchana.

Mtu aweza kuuliza: Je! Mungu aliye juu hushughulika na majivu? Naam, hushughulika. Wala kazi ile hakuiweka mikononi mwa mtumwa. Aliiweka mikononi mwa kuhani, yule yule aliyesimama mbele zake kuwaombea watu. Tena tuangalie neno moja zaidi. Katika sura ya 9 ya kitabu hicho hicho tunaambiwa ya kuwa moto ulitoka mbele za Bwana, ukaiteketeza sadaka juu ya madhabahu. Moto ni wa Mungu. Kuhani hakuuleta, alipewa autunze. Mambo haya mawili tuyashike mpaka mwisho wa mafundisho haya: moto ni wa Mungu, na utunzaji wake ni kazi yetu ya kila siku.

Sisi watu wa Kagera hatuhitaji maelezo mengi juu ya moto wa kutunzwa. Wazee wetu walikaa katika mushonge, nyumba ile ya mviringo ambayo nyasi zake zilishuka toka kileleni mpaka chini. Ndani yake, juu ya sakafu iliyotandikwa nyasi, palikuwa na meko yenye mafiga matatu. Nyumba haikuwa na dohani. Moshi ulipanda polepole, ukapenya katika nyasi, ukazikausha, ukawafukuza wadudu walao miti na nyasi. Kwa hiyo nyumba iliyowashwa moto kila siku ilidumu, bali nyumba iliyoachwa bila moto ilianza kuoza. Mvua za kwetu ni nyingi, mawingu ya ziwani hayachelewi, na nyasi zisizopata moshi hazistahimili.

Usiku mama hakuuacha moto uishe. Aliyafunika makaa kwa majivu, na alfajiri akayafukua, akaweka vijiti vikavu, akapuliza. Kama makaa yalikuwa yamekufa, alimtuma mtoto kwa jirani na kigae cha chungu, akalete moto. Haikuwa aibu kuomba moto. Aibu ilikuwa kumnyima jirani.

Na kandokando ya moto ule kulikuwa na shule. Hapo mtoto alijifunza jina la babu yake na la babu wa babu yake. Hapo alionywa pasipo kupigwa, alifundishwa kunyamaza mkubwa asemapo, alisikia hadithi, alikula senene za kukaangwa katika majira yake. Na Injili ilipofika katika nchi hii, iliketi pale pale. Wahaya wengine walikwisha kulisikia Neno kutoka Uganda, hata kabla wamisionari wa Betheli hawajafika Bukoba katika mwaka wa 1910. Waliosoma waliwasomea wasiosoma, na wengi wa wasiosoma walisikia kwa mara ya kwanza kwa nuru ya moto wa nyumbani.

Siku hizi mushonge zimekuwa chache sana. Tuna nyumba za matofali na mabati, na jiko limehamia nyuma ya nyumba. Wengi wana mtungi wa gesi, na wengine hupikia umeme. Kwa mambo haya hatuna budi kumshukuru Mungu. Moshi wa kuni uliwaharibia mama zetu macho na vifua. Shirika la Afya Duniani lakadiria ya kuwa katika mwaka wa 2020 hewa chafu ya majumbani iliwaua watu milioni 3.2 duniani. Tena misitu inakwisha. Serikali yetu ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia katika mwaka wa 2024, ili ifikapo mwaka wa 2034 watu 80 katika kila 100 wawe wanapikia nishati hiyo. Ni jambo jema. Mkristo anayempenda mkewe na watoto wake hatawarudisha katika moshi kwa kusingizia mila.

Basi tunapoandika kwamba meko yarudishwe, hatusemi kwamba moshi urudishwe. Maana moto ulipotoka katikati ya nyumba, kilitoka na kitu kingine, nacho hakikuja kitu cha kushika mahali pake. Na kitu hicho tungependa kukieleza kwa mfano wa mbali.

Katika Sweden na Ujerumani, nchi ambazo makanisa yake yana urafiki wa siku nyingi na Dayosisi yetu ya Kaskazini Magharibi, baridi ni adui wa kweli. Zamani kila nyumba huko ilikuwa na meko ya wazi au jiko la kuni, na dohani ya kutolea moshi. Baadaye yakaja mabomba. Maji huchemshwa mahali pamoja, chini ya nyumba, au katika mtambo mmoja wa mji mzima, nayo hupita ndani ya mabomba mpaka kwenye vyuma vilivyowekwa chini ya madirisha. Hivyo kila chumba hupata joto lake. Watu wakaona hawahitaji tena moto wa wazi. Wakayaziba meko kwa mbao au kwa matofali, wakapaka rangi juu yake, hata watoto wakazaliwa na kukua bila kujua ya kuwa nyuma ya ukuta kuna mahali pa moto.

Lakini wako watu huko wanaoibomoa mbao ile na kuyarudisha meko. Kwa nini? Si kwa ajili ya baridi, maana nyumba yao ina joto. Tena mafundi husema wazi ya kuwa moto wa wazi hupoteza sehemu kubwa ya joto lake katika dohani, na huvuta hata hewa ya chumba iliyokwisha kupata joto, ukaitoa nje. Kwa hesabu ya joto, ni hasara. Watu hao huyarudisha meko kwa sababu nyingine. Joto la mabomba humfuata kila mtu mahali alipo, naye hana haja ya kutoka chumbani mwake. Bali joto la meko humwita kila mtu aje mahali pamoja. Mabomba huipasha nyumba joto; meko huikusanya jamaa.

Ndugu, je! mfano huu si wetu? Sisi hatuna mabomba ya maji ya moto, lakini kila mmoja katika nyumba ana simu yake. Habari humfikia kila mtu kitandani pake, na nyimbo, na hata mahubiri. Kijana anaweza kusikia mahubiri matatu kwa siku moja, wala asijue kama baba yake husali. Jumapili kanisani kuna kwaya, kuna vipaza sauti, kuna furaha kubwa. Kila chumba kina joto lake. Lakini ile saa ya jioni, baba na mama na watoto na bibi wanapoketi pamoja mbele ya Mungu, imezibwa kwa mbao na kupakwa rangi, na watoto wetu hawajui kwamba nyuma ya ukuta ule kulikuwa na moto.

Hili ndilo jambo tunalowasihi: sala ya nyumbani irudishwe. Na kwa kuwa mafundi wa dohani wana utaratibu wao wa kurudisha meko yaliyozibwa, na tujifunze kwao mambo matatu.

Kwanza, njia ya moshi isafishwe.

Afunguaye meko ya zamani hawashi moto siku ile ile. Humwita kwanza fundi wa kufagia dohani. Ujerumani ni sheria kwamba fundi mwenye mamlaka aikague. Ndani yake yamejaa masizi ya miaka mingi, pengine viota vya ndege na matofali yaliyoanguka. Akiwasha kabla ya kusafisha, moshi utarudi chumbani, au masizi yenyewe yatashika moto na kuiteketeza nyumba. Fundi hutazama nyufa pia, maana ufa mdogo katika dohani waweza kupeleka sumu ya moshi katika chumba cha juu, ambamo watoto wamelala. Sisi tuliokuwapo tarehe 10 Septemba 2016, tetemeko lilipoupiga mji wa Bukoba na vijiji vyake, tunajua nyufa. Nyumba nyingi zilianguka siku ile, lakini nyingine zilisimama zikiwa na ufa ndani, na hizo zilikuwa za hatari kwa sababu zilionekana nzima.

Baba mmoja aweza kusoma maneno haya na kusema, "Leo jioni nitawaita wote tusali." Amefanya vema. Lakini kama amekaa miezi mitatu hasemi na mkewe kwa upole, kama amemnyima ndugu yake haki katika mpaka wa kibanja, kama watoto wanamjua kwa ulevi wake, basi dohani imeziba. Sala yake itajaza nyumba moshi, na watoto watatoka nje wakipikicha macho. Wataichukia sala kwa sababu ya masizi ya baba. Kumbukeni, kuhani alianza na majivu, ndipo akaongeza kuni. Toba hutangulia. Neno la kwanza la sala ya nyumbani katika nyumba nyingi halitakuwa wimbo. Litakuwa hili: "Mama watoto, nimekukosea. Wanangu, nisameheni." Baba atakayesema neno hilo mbele ya watoto wake amefagia dohani kuliko atakayehubiri mwaka mzima.

Na majivu yale kuhani aliyapeleka nje ya kambi, mahali safi. Hakuyaacha kando ya madhabahu yapeperushwe tena na upepo. Kosa lililoungamwa na kusamehewa lipelekwe nje. Lisirudishwe mezani kila ugomvi unapotokea.

Pili, kuni ziwe kavu, na hewa iingie.

Mwenye meko anajua ya kuwa kuni mbichi hazifai. Kuni za mkaratusi zilizokatwa jana hulia na kutoka povu, hutoa moshi mwingi na joto kidogo, tena moshi wake hugeuka kuwa lami katika dohani. Kuni hukatwa mapema, zikapasuliwa, zikawekwa chini ya paa mahali penye upepo, mwaka mzima au zaidi. Vivyo hivyo maneno ya kuwapa watoto. Maneno mabichi ni yale yaliyotungwa kwa hasira ya jioni ile ile, sala ambayo ndani yake baba anamwambia Mungu makosa ya mwanawe ili mwanawe asikie. Hiyo si sala, ni fimbo. Kuni kavu ni Neno la Mungu lililokwisha kukaa moyoni mwa mzazi kabla halijafika kinywani mwake. Asome asubuhi peke yake, alitafakari akipalilia mibuni au akienda kazini, na jioni aliseme kwa maneno machache. Neno la namna hiyo huwaka mara.

Na hewa ni lazima. Nyumba za siku hizi huko Ulaya zimezibwa sana ili joto lisitoke. Mtu akiwasha meko ndani yake bila kuweka tundu la kuingizia hewa ya nje, moto hufifia na sumu hukaa ndani. Hapa yatupasa kuonya kwa maneno ya kawaida pia, maana katika majira ya mvua wengine huingiza jiko la mkaa chumbani, wakafunga mlango na madirisha, wakalala. Sumu ya mkaa haina harufu wala rangi, nayo huua watu usingizini. Msilale na jiko la mkaa ndani ya nyumba. Walimu, litangazeni jambo hili katika sharika.

Lakini katika sala pia hewa ni lazima. Hewa ya sala ya nyumbani ni ruhusa ya watoto kuuliza. Wako wazazi wanaosema peke yao toka mwanzo mpaka mwisho, na mtoto akiuliza kwa nini Mungu hakumponya mama yake, anaambiwa anyamaze. Mungu wetu haogopi maswali. Daudi aliuliza, Ayubu aliuliza, na Bwana Yesu mwenyewe msalabani alimwuliza Babaye. Mruhusuni mtoto aulize. Kama hamna jibu, semeni hamna, mkaombe pamoja. Nyumba isiyo na hewa ndiyo inayopoteza vijana wake.

Tatu, tusidanganywe na joto la chumba kimoja.

Katika nyumba zenye mabomba kuna kipimajoto ukutani. Chumba kikipata joto la kutosha, chombo hicho huyaamuru mabomba yapunguze moto. Basi mafundi huonya hivi: kipimajoto kikiwa katika chumba chenye meko, moto wa kuni utakifanya kidhani ya kuwa nyumba nzima ina joto. Kitayazima mabomba, na walio katika vyumba vingine watatetemeka kwa baridi, ilhali walioketi karibu na moto wanavua makoti.

Tumeona jambo hili kanisani. Mzee wa kanisa huketi mbele Jumapili, huongoza, huimba, hutoa sadaka, naye ana joto. Hujipima moyoni mwake na kusema, "Nyumba yangu ni ya Kikristo." Lakini binti yake aliye chumba cha pili yu katika baridi kuu. Ana mimba, na hana wa kumwambia. Mwanawe aliye Mwanza hajasali tangu alipoondoka. Mama yake mzee yuko jikoni nyuma, peke yake na moto wake, anakula peke yake. Na sisi wachungaji na walimu tumo katika hatari iliyo kubwa zaidi, maana kazi yetu ni kuketi karibu na moto. Tusipime joto mahali tulipoketi sisi. Tuinuke, tuende mpaka mlango wa mwisho, tukaguse ukuta wake kwa mkono.

Sasa tunajua ya kuwa wengi watasema, "Mafundisho haya ni kwa nyumba zenye baba na mama. Sisi tutafanyaje? Kwetu meko yalizimika zamani." Ndugu, neno hili tunalipokea kwa uzito. Katika mwaka wa 1983 wagonjwa 3 wa kwanza wa UKIMWI katika Tanzania walitambuliwa katika mkoa wetu huu. Yaliyofuata mnayajua. Kulikuwa na vibanja ambavyo migomba iliota majani makavu kwa kukosa mtu wa kuipogoa, na nyumba ambazo watu wazima wote waliondoka, wakabaki bibi na wajukuu. Nani alitunza moto miaka ile? Ni bibi. Aliwazika wanawe, akarudi nyumbani, akafukua makaa, akapika ndizi, akawafundisha wajukuu Sala ya Bwana. Hakuwa na cheo katika kanisa, lakini makuhani wa nyumba zetu walikuwa hao.

Mtume Paulo alijua jambo hili. Alipomwandikia Timotheo waraka wake wa pili, katika sura ya kwanza alimhimiza aichochee tena karama ya Mungu kama mtu achocheaye makaa. Lakini katika mstari uliotangulia alikuwa amemtaja nani? Alimtaja bibi yake, Loisi, na mama yake, Eunike. Babaye hatajwi. Makaa yale ambayo Timotheo aliambiwa ayachochee yalikuwa yamefunikwa na kutunzwa na wanawake wawili. Basi mjane, nawe bibi, nawe kijana uliyebaki na wadogo zako, msiseme kwenu hakuna meko. Jifya moja haliinjiki chungu, ni kweli. Lakini Bwana ameahidi kwamba walipo wawili au watatu kwa jina lake, yeye yupo. Na kama makaa yamekufa kabisa, tumeni mtoto kwa jirani na kigae. Ninyi mlio na moto, msiwanyime. Iteni nyumba ya jirani isiyo na mzee, msali pamoja mara moja kwa juma.

Kanisa letu zima liliishi kwa njia hiyo. Vita Kuu ya 1914–1918 iliwaondoa wamisionari Wajerumani, na vita ya 1939–1945 ikawaondoa tena. Waliotazama kwa mbali wangeweza kusema moto umezimika. Lakini chini ya majivu makaa yalikuwa hai, kwa kuwa walimu na wazee wa Kihaya waliwakusanya watu, wakafundisha, wakazika wafu wao kwa tumaini. Na moto ule uliotunzwa kwa makaa machache ulifika mbali. Katika mwaka wa 1977, mkutano wa Shirikisho la Kilutheri Duniani uliokutana Dar es Salaam ulimchagua Askofu Josiah Kibira, mzaliwa wa Bukoba, kuwa Rais wake, Mwafrika wa kwanza katika kiti hicho.

Hata hivyo tuonyane pia. Si kila moto ni wa Mungu. Tukiyarudisha meko, tusirudishe pamoja nayo matambiko yaliyofanywa zamani ndani ya nyumba, kana kwamba wafu ndio walinzi wetu. Mila njema ya kukusanyika tuishike. Hofu ya mizimu tuiache nje. Wala tusidhani ya kuwa kukusanyika tu kwatosha. Mfalme Yehoyakimu, tunayesoma habari zake katika Yeremia sura ya 36, alikuwa na moto mzuri katika nyumba yake ya wakati wa baridi, na wakuu wake walimzunguka. Kitabu cha Neno la Bwana kikasomwa mbele yake, naye akakikata kwa kisu kipande kwa kipande, akakitupa motoni mpaka kikaisha. Walikuwa pamoja, walikuwa na joto, na Neno lilikuwa linateketea.

Sasa tufike kwenye Injili yenyewe, maana mpaka hapa tumesema zaidi juu ya kazi yetu, na kazi yetu haiwezi kuwasha kitu.

Katika Buganda, nchi ya jirani zetu, kulikuwa na moto wa kifalme uliowaka mbele ya ikulu siku zote za Kabaka, na Kabaka alipofariki moto huo ulizimwa. Mfalme amekufa; moto umekufa. Wanafunzi wa Yesu nao walidhani hivyo. Usiku ule wa mateso Petro alisimama ua wa kuhani mkuu, akaota moto wa makaa pamoja na watumishi, na hapo hapo kando ya moto akamkana Bwana wake mara tatu. Kisha Mfalme akafa. Petro akarudi kuvua samaki, na usiku kucha hakupata kitu. Sisi tukaao kando ya ziwa tunajua jinsi mvuvi anavyorudi alfajiri akiwa na mashua tupu, mwili baridi na moyo mzito.

Waliposhuka pwani, wakaona nini? Moto wa makaa, na samaki juu yake, na mkate. Yohana ataja moto wa makaa mara mbili tu katika Injili yake: katika sura ya 18, mahali Petro alipoanguka, na katika sura ya 21, mahali alipoinuliwa. Na moto huu wa pili ni nani aliyeuwasha? Si Petro. Ni Bwana mwenyewe, Mfalme aliyekufa na kufufuka. Alitangulia kufika, akawasha, akapika, akawaita waje wale. Hakumwambia Petro, "Nenda ukasafishe dohani yako kwanza, ndipo nije." Alimlisha kwanza. Baada ya chakula akamwuliza mara tatu kama anampenda, na kwa maswali yale matatu akayazoa majivu ya kukana kule kutatu, akayapeleka nje ya kambi.

Ndugu, huyu ndiye arudishaye meko. Wewe uliyeona haya kwa kusoma maneno yetu juu ya baba mwenye dohani iliyoziba, usikimbie. Moto umekwisha kuwashwa pwani. Toba yako haiuwashi. Toba ni kuja na kuketi. Ulibatizwa, Mungu aliweka moto wake juu yako, na hata kama zimebaki cheche chini ya majivu ya miaka ishirini, yeye hazimi utambi utokao moshi.

Kwa ajili ya wale wanaouliza waanzeje, twatoa utaratibu mwepesi. Martin Luther alipotoa Katekismo Ndogo katika mwaka wa 1529, aliiandika ili mkuu wa nyumba aweze kuwafundisha watu wake kwa maneno rahisi, tena akaweka ndani yake sala ya asubuhi na ya jioni. Basi chagueni saa moja ambayo wote wapo, baada ya chakula cha jioni. Simu zote ziwekwe mahali pamoja mbali, hata ya baba. Bibi aitwe atoke jikoni, apewe kiti cha mbele. Imbeni ubeti mmoja. Mtoto anayejua kusoma asome mistari michache. Mmoja aseme sehemu moja ya Katekismo. Kila mmoja ataje jambo moja la kushukuru na jambo moja la kuombea, na aliye na swali aulize. Wale walio mbali, Mwanza, Dar es Salaam au ng'ambo, watajwe kwa majina yao. Semeni Sala ya Bwana pamoja, mkalale. Robo saa yatosha. Kuni chache za kila siku ni bora kuliko mzigo mmoja mkubwa kwa mwaka.

Na siku mtakayoshindwa, maana mtashindwa, msiseme yamekwisha. Fukueni makaa asubuhi yake, mkaanze tena.

Tuombe. Bwana Yesu, wewe uliyewawashia wanafunzi wako moto asubuhi ile, ingia katika nyumba zetu zilizopoa. Zoa majivu yetu. Utupe moyo wa kuombana radhi. Uwakumbuke wajane, na yatima, na mabibi wanaoutunza moto peke yao. Wafikie watoto wetu walio katika vyumba vya baridi, karibu na mbali. Na moto wako usizimike kati yetu, usiku wala mchana, mpaka siku tutakapoketi nawe mezani pako. Amina.